Kihamba, Mfongo na Mkataba: Mirathi ya Jamii za Wachache Katika Sheria za Kimataifa

Kwenye matanga ya jirani yetu mmoja huko Kibosho, kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro, siku ambayo ukoo ulikaa kikao cha kumteua msimamizi wa mirathi, nilisikia chini ya turubai moja kauli tatu ambazo tangu siku hiyo nimezisikia tena Moshi mjini, ndani ya basi la Arusha na hata kwa watu waliosoma. Mzee mmoja, ambaye wote walimnyamazia kwa heshima, alisema kuwa kihamba, yaani shamba la nyumbani linalorithiwa kizazi hadi kizazi, ni jambo la ukoo na kwamba mataifa hayana kiti katika kikao hicho. Kijana aliyekuwa amepanda kutoka Arusha asubuhi ile akamjibu kwa adabu, lakini kwa kujiamini, kuwa asiyeridhika atakwenda kushtaki katika Mahakama ya Afrika, kwa kuwa iko pale pale mjini. Mama aliyekuwa akigawa chai akauliza: “Kwani baba, sisi Wachaga tumekuwa wachache lini?” Watu wakacheka, kikao kikaendelea, na swali lake halikujibiwa.

Kwa maoni yangu kauli ya mzee ilikuwa na nusu ya ukweli, ya kijana ilikuwa na robo, na swali la mama ndilo lililostahili kujibiwa kwanza, kwa sababu mtu asiyejua nani anaitwa mchache hawezi kujua sheria inamlinda nani dhidi ya nani.

Mchache ni nani

Umoja wa Mataifa haujawahi kukubaliana juu ya maana moja ya “jamii ya wachache”. Maelezo yanayotumiwa zaidi ni ya Francesco Capotorti, mtaalamu wa Kiitaliano aliyeufanyia Umoja huo utafiti katika miaka ya 1970. Kwa maneno mepesi, alieleza kuwa ni kundi la raia ambalo idadi yake ni ndogo kuliko ya wananchi wengine, halishiki hatamu za nchi, lina kabila, dini au lugha inayolitofautisha na wengine, na watu wake wana nia ya kuudumisha utambulisho huo. Idadi peke yake haitoshi. Weupe wa Afrika Kusini wakati wa ubaguzi wa rangi walikuwa wachache kwa hesabu, lakini hakuna aliyefikiri kuwa wao ndio waliohitaji kulindwa dhidi ya serikali.

Kwa Tanzania, yenye makabila zaidi ya 120 na isiyo na kabila lolote linalofikia nusu ya wananchi, hesabu inakuwa ngumu zaidi, maana kila kabila ni dogo likilinganishwa na mengine yote yakiwekwa pamoja. Mchaga ni mchache kwa namna hiyo ya hesabu, lakini ni vigumu kumweka katika fungu moja na Mhadzabe wa bonde la Yaeda, ambaye jamii yake haijazi hata kata moja ya Moshi na ambaye maisha yake ya kuwinda, kukusanya mizizi na kurina asali yanategemea pori ambalo kila mtu mwingine huliona kuwa ni ardhi isiyo na mwenyewe. Pembeni ya neno hili kuna neno jingine linalochanganywa nalo, yaani “watu wa asili”. Hili linahusu jamii ambazo maisha na imani yao vimefungamana na eneo fulani kiasi kwamba ukiwaondoa pale umewaondolea na wao kuwa wao. Serikali nyingi za Afrika, ikiwemo yetu, husema kuwa Waafrika wote ni wa asili, na kwa maana ya kawaida ya maneno hawajakosea. Hata hivyo, wanaolitumia neno hilo kisheria hawashindani kuhusu nani alitangulia kufika. Wanazungumzia ni nani anayeathirika zaidi ardhi inapochukuliwa.

Maneno mengine mawili yanahitaji kuwekwa sawa. “Mkataba” huifunga nchi iliyouridhia. Kutia sahihi ni kama kupeleka posa, na kuridhia ndiko kufunga ndoa. “Tamko” halifungi kwa namna hiyo. Linafanana na maazimio ya mkutano mkuu wa kijiji ambayo hakuna anayeweza kufungwa kwa kuyavunja, ingawa kila atakayeyavunja ataulizwa. Tamko la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili, lililopitishwa tarehe 13 Septemba 2007 kwa kura 144 dhidi ya 4, ni la aina hiyo. Tanzania ilipiga kura ya ndiyo. Waliopinga walikuwa Marekani, Kanada, Australia na New Zealand, nchi nne ambazo kila mmoja anaweza kukisia zilikuwa zikiogopa nini.

Mfongo na zamu ya maji

Asiyetoka mlimani anaweza asiujue mfongo. Ni mfereji uliochimbwa na mababu kuteremsha maji kutoka mtoni hadi mashambani, ukipita kihamba hiki na kile, na hakuna mtu anayeweza kusema mfongo ni wake. Lakini kila nyumba ina zamu yake, na zamu hiyo ni ya nyumba hiyo kweli kweli: ukimwibia jirani zamu utaitwa mbele ya wazee. Kwa hiyo katika mfereji mmoja kuna mali ya aina mbili, ile ya wote na ile ya mmoja mmoja, na kuna uonevu wa aina mbili. Mtu wa nje akija na tingatinga akauziba mfongo, wote wameonewa. Wazee wenyewe wakimnyima mjane zamu kwa sababu mumewe amekufa, ameonewa mmoja, na waliomwonea ni watu wa kwao.

Mkanganyiko karibu wote ninaousikia kuhusu mirathi ya jamii za wachache unatokana na kutotenganisha mambo haya mawili. Anayesema “sheria za kimataifa zinalinda mila zetu” anafikiria tingatinga. Anayesema “sheria za kimataifa zinavunja mila zetu” anamfikiria mjane. Wote wawili wanazungumzia vifungu vilivyomo katika sheria zile zile.

Vifungu vyenyewe si vingi. Tamko la Dunia la Haki za Binadamu la mwaka 1948 linasema katika ibara ya 17 kuwa kila mtu ana haki ya kumiliki mali, peke yake au pamoja na wengine. Mikataba miwili mikubwa ya mwaka 1966 iliyofuata ilikaa kimya kuhusu mali, kwa sababu mataifa ya kibepari na ya kisoshalisti yalishindwa kupatana juu ya neno lenyewe. Mahali ambapo mirathi imetajwa kwa jina ni katika mkataba wa mwaka 1965 wa kuondoa aina zote za ubaguzi wa rangi, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1972. Ibara yake ya 5 inataka kila mtu awe sawa mbele ya sheria bila kujali rangi, ukoo au kabila, na katika orodha ya haki zinazohusika, baada ya haki ya kumiliki mali, inafuata haki ya kurithi. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa mwaka 1981 unaitambua haki ya mali katika ibara ya 14. Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, yaani nyongeza ya mkataba huo inayohusu haki za wanawake, ambayo Tanzania iliiridhia mwaka 2007, inasema katika ibara ya 21 kuwa mjane ana haki ya kupata sehemu yenye haki ya mali ya mumewe, na kwamba wanawake na wanaume wana haki ya kurithi mali ya wazazi wao kwa mafungu yenye haki.

Hakuna hata kimoja kati ya vifungu hivyo kinachosema kuwa mtu wa jamii ndogo apewe zaidi ya wengine. Dhana hiyo imeenea, hasa pale watu wanapoona jamii moja inapimiwa ardhi na nyingine inasubiri, lakini mantiki ya sheria ni tofauti. Mahakama ya kimataifa iliyotangulia hii ya sasa ya The Hague ilieleza mwaka 1935, katika shauri la shule za Wagiriki wachache nchini Albania, kuwa usawa wa kwenye karatasi unaweza kuwa uonevu wa kweli. Albania ilikuwa imefunga shule zote za binafsi bila kubagua, lakini Waalbania walibaki na shule za serikali katika lugha yao na Wagiriki hawakubaki na kitu. Tafsiri ya kwetu ni nyepesi: ukisema kila kijiji lazima kionyeshe eneo “linalolimwa” ndipo kitambuliwe, kwa maneno umewatendea wote sawasawa, lakini mfugaji na mwindaji wamekosa kila kitu.

Mjane wa Thrace

Shauri linaloeleza vizuri zaidi upande wa mjane halitoki Afrika. Katika mkoa wa Thrace ya Magharibi nchini Ugiriki kuna Waislamu wachache waliobaki pale baada ya vita na mabadilishano ya watu kati ya Ugiriki na Uturuki, na Mkataba wa Lausanne wa mwaka 1923 uliwahakikishia ulinzi wa desturi zao. Kwa miongo mingi mahakama za Ugiriki zilichukulia kuwa ulinzi huo una maana kwamba mirathi ya Mwislamu wa Thrace lazima igawanywe kwa sheria ya Kiislamu, atake asitake.

Mume wa mwanamke mmoja wa jamii hiyo aliandika wosia mbele ya mthibitishaji wa serikali, kwa kufuata sheria ya kiraia kama Mgiriki mwingine yeyote, akamwachia mkewe mali yote. Alipofariki mwaka 2008, dada zake wawili walikwenda mahakamani wakidai kuwa wosia huo haukuwa na nguvu kwa kuwa kaka yao alikuwa Mwislamu wa Thrace. Mahakama za chini zilimpa mjane ushindi. Mahakama ya juu ya nchi ikasema dada wana haki, na mjane akapoteza robo tatu ya kile alichoachiwa.

Alikwenda Strasbourg, kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na tarehe 19 Desemba 2018 majaji wa baraza lake kuu walikubaliana wote kuwa Ugiriki ilimbagua. Kesi hiyo inajulikana kama Molla Sali dhidi ya Ugiriki. Mahakama haikuihukumu sheria ya Kiislamu yenyewe, na wanaoitaja kesi hii kana kwamba ilifanya hivyo hawakuisoma. Ilichokataa ni jambo jingine: kwamba kama mume yule angekuwa si Mwislamu wosia wake ungeheshimiwa, na kwamba dola haiwezi kumlazimisha mtu awe ndani ya ulinzi maalumu wa jamii ya wachache wakati yeye mwenyewe amechagua sheria ya kawaida. Haki ya kuwa mmoja wa wachache ina upande wake wa pili, haki ya kutotendewa kama mmoja wao pale usipotaka. Ugiriki ilikuwa imebadilisha sheria yake mapema mwaka huo huo, kabla hata ya hukumu kutoka, ili sheria ya Kiislamu itumike tu pale wahusika wanapoikubali.

Nimeichagua kesi hii kwa sababu mazingira yake si mageni kwetu. Tanzania nayo ina milango kadhaa ya mirathi. Kuna sheria ya mila, kuna sheria ya Kiislamu, kuna sheria ya mirathi ya India ya mwaka 1865 ambayo tuliirithi kwa Waingereza na ambayo hutumika hasa kwa Wakristo, na iko hata sheria ya pekee kwa watu wa asili ya Asia wasio Wakristo, wakiwemo Wahindu wenye maduka ya miaka mingi Moshi na Arusha. Mahakama zetu huamua mlango kwa kuangalia jinsi marehemu alivyoishi na alivyokusudia: Mchaga Mkristo aliyefunga ndoa kanisani, akaishi mjini na kuacha wosia, anaweza asihukumiwe kwa mila hata kama kihamba chake kiko Kibosho. Hapo ndipo ugomvi mwingi wa chini ya turubai unapoanza, kwa sababu ukoo unaangalia alikozaliwa na mahakama inaangalia alivyoishi.

Kuna mfano mwingine, wa mwanamke ambaye hakufiwa na mume. Sandra Lovelace alikuwa wa jamii ya Wamaliseet nchini Kanada. Sheria ya nchi ilisema mwanamke wa jamii za asili akiolewa na mtu wa nje anapoteza uanachama na haki ya kukaa katika ardhi iliyotengwa kwa ajili ya watu wake, lakini mwanamume akioa nje hapotezi kitu, tena mkewe anaingia. Ndoa yake ilipovunjika alitaka kurudi nyumbani akakataliwa. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliamua mwaka 1981 kuwa Kanada ilikiuka ibara ya 27 ya Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ile inayowapa watu wa jamii za wachache haki ya kuishi utamaduni wao pamoja na wenzao, na Kanada ikaibadilisha sheria mwaka 1985. Msomaji wa kwetu aliyewahi kusikia binti akiambiwa “wewe umeshaolewa, kwenu ni huko” ataielewa kesi ile bila kusoma ukurasa mmoja wa sheria.

Si lazima uwe mchache

Sasa narudi kwa swali la mama wa chai. Jibu ni kwamba haki ya mjane au binti kurithi haimtaki awe wa kabila dogo. Ushahidi tunao nyumbani. Wajane wawili wa Kisukuma, kabila kubwa kuliko yote nchini, walinyimwa urithi kwa kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963, ambazo zinasema mjane hana fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, na kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza. Mahakama Kuu ilikubali mwaka 2006 kuwa kanuni hizo zinabagua, lakini ikasita kuzifuta. Rufaa ikatupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya kiutaratibu. Wajane wakapeleka malalamiko kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati hiyo ikasema Tanzania imekiuka wajibu wake na kuitaka irekebishe sheria na kuwafidia.

Hapa ndipo nusu ya ukweli wa yule mzee inapoonekana. Kamati haikuwagawia wajane wale nyumba, wala haikuitisha kikao cha ukoo Shinyanga. Haina uwezo huo. Ilizungumza na serikali peke yake, kwa sababu serikali ndiyo iliyoridhia mkataba, ndiyo iliyochapisha kanuni za mila katika gazeti lake na ndiyo inayoziendesha mahakama zinazozitumia. Mila inayokaa ukumbini kwa wazee ni ya ukoo. Ikishavaa muhuri wa mahakama ni ya dola, na dola ina wenzake inaopaswa kuwajibu.

Wala isidhaniwe kuwa majaji wa kwetu walisubiri kufundishwa na wageni. Mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu kule Mwanza aliamua, katika shauri la mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo kwa baba yake na kuliuza, kuwa mwanamke ana uwezo ule ule wa kuuza ardhi ya ukoo alio nao mwanamume, na alitegemea Katiba pamoja na mikataba ambayo nchi ilikuwa imeridhia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mwenye ulemavu kumiliki, kukalia au kutumia ardhi.

Tingatinga linapokuja

Upande wa pili, ule wa mfongo mzima kuzibwa, una historia ndefu zaidi hapa kwetu kuliko vijana wengi wanavyojua. Mwishoni mwa mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kuwapa walowezi wa Kizungu eneo la ufugaji. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na hati ya Umoja huo iliwaruhusu wakazi wa nchi za namna hiyo kupeleka malalamiko. Wameru wakachanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri hadi New York, akisaidiwa na wakili Earle Seaton aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Alisikilizwa. Azimio la kuwarudishia ardhi lilikosa theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu, na wakati huo hapakuwa na mahakama ya kimataifa ambayo Mmeru angeweza kuingia mlangoni mwake.

Kikwazo cha wakati ule kilikuwa dhana ambayo bado ina nguvu, kwamba asiye na hati hana mali. Mahakama ya Rufani, ikikaa Arusha mwaka 1994, iliikata dhana hiyo katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwanawe: haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na haiwezi kuondolewa bila fidia ya haki. Sijui kwa nini uamuzi huu hautajwi mara nyingi zaidi, maana kila mwenye kihamba kisicho na karatasi anautegemea.

Hatua kubwa zaidi ilikuja tarehe 26 Mei 2017, pale Mahakama ya Afrika, hapa hapa Arusha, ilipotoa hukumu katika shauri la Waogiek wa msitu wa Mau nchini Kenya. Mwaka 2009 walikuwa wamepewa siku 30 kuondoka, kwa maelezo kuwa msitu ni chanzo cha maji na lazima uhifadhiwe. Mahakama ilisema haki ya mali katika ibara ya 14 ya Mkataba wa Afrika inaweza kuwa ya mtu mmoja au ya jamii nzima, ikalitumia lile tamko la mwaka 2007 kuitafsiri ibara hiyo, na ikaona kuwa hifadhi haikuwa sababu ya kutosha kwa kuwa haikuthibitishwa kuwa Waogiek ndio walioharibu msitu. Tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa madhara mengine, na wapewe hati ya pamoja ya ardhi ya mababu zao.

Hati ya pamoja ndiyo inayowachanganya watu. Wanauliza: baba akifa, mwana anarithi nini? Anarithi nafasi yake ndani ya wote, kama zamu ya maji. Hawezi kuipeleka benki wala kuiuza kwa mgeni, lakini hafukuzwi. Wahadzabe wa Yaeda walipewa mwaka 2011 hati za kimila za aina hiyo, kwa eneo linalozidi hekta 20,000, na sheria iliyotumika ilikuwa yetu wenyewe, ile ile ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999, bila kesi ya kimataifa. Kwa Mhadzabe, kugawana pori vipande vipande kwa watoto kungekuwa sawa na kugawana mfongo kwa mita: kila mmoja angepata kipande cha mtaro mkavu.

Hukumu nayo haijitekelezi yenyewe. Novemba 2023, miaka sita baada ya hukumu ya kwanza, familia za Waogiek ziliondolewa tena Mau.

Milango ya Arusha

Kwa yule kijana, basi. Mahakama ya Afrika husikiliza kesi dhidi ya nchi tu. Shemeji, mjomba na ukoo hawashtakiwi pale. Hata dhidi ya nchi, mtu binafsi huweza kufika moja kwa moja ikiwa nchi hiyo imetoa tamko maalumu la kuruhusu. Tanzania, iliyo mwenyeji wa mahakama yenyewe, iliondoa tamko lake Novemba 2019, na tangu Novemba 2020 kesi mpya za Watanzania binafsi hazipokelewi, ingawa zilizokuwa zimefunguliwa kabla ya hapo ziliendelea. Mlango uliobaki kwa Mkataba wa Afrika ni Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Banjul, Gambia, ambayo ndiyo iliyowapeleka Waogiek Arusha.

Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo wengi huichanganya na hiyo, ni nyingine kabisa na kazi yake ni kutafsiri mkataba wa jumuiya. Vijiji vinne vya Loliondo viliishtaki serikali huko mwaka 2017 kuhusu kuondolewa kwa wafugaji. Vikashindwa Septemba 2022 kwa kuwa majaji hawakuridhika na ushahidi kuwa matukio yalitokea ndani ya mipaka ya vijiji, na Novemba 2023 ngazi ya rufaa ikaamuru shauri lisikilizwe upya. Kutoka kwenye shauri hilo somo la vitendo ni moja: ramani ya kijiji na mawe ya mpaka vina uzito mahakamani kuliko hotuba.

Na kwa mjane wa Moshi, mlango wa kwanza ni mahakama ya mwanzo, au ya juu yake kutegemea sheria inayotumika. Pale ataulizwa cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo, na pale ndipo anapoweza kuupinga muhtasari huo ikiwa jina lake halimo. Akishindwa, akate rufaa, na atunze nakala ya kila uamuzi. Kamati ile ya Umoja wa Mataifa iliyowasikiliza wajane wa Kisukuma iko wazi kwake kwa kuwa Tanzania iliridhia itifaki yake ya malalamiko mwaka 2006, lakini jambo la kwanza itakalomuuliza, kama zote zinavyouliza, ni kama amemaliza njia za nyumbani au kama njia hizo zimechelewa kupita kiasi.

Kikao cha Kibosho kilimteua kaka mkubwa wa marehemu kuwa msimamizi. Mjane alikuwa ndani, akihudumia wageni. Nilipochungulia muhtasari ulipokuwa ukipitishwa kwa sahihi, jina lake lilikuwa limeandikwa mwishoni, kwa kalamu ya rangi nyingine, baada ya yule mama wa chai kusimama mbele ya meza na kuuliza kwa mara ya pili.